Mwaka wa Kidole cha Glavu

Tulipomzika Speransia huko Ulyankulu, mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu mpole na mnyenyekevu. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wanawake wengine, nikajizuia nisinyanyuke. Speransia niliyemjua mimi kwa zaidi ya miaka arobaini hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mbishi, mwenye ulimi mkali, na kama asingekuwa hivyo angekuwa amelala chini ya udongo ule tangu mimi ni msichana, na yaelekea mimi ningemtangulia. Baada ya mazishi mjukuu wake mmoja, binti anayesomea uuguzi, aliniletea maji ya kunawa akaniuliza kwa sauti ya chini bibi yake na mimi tulijuanaje, maana bibi alikuwa akisema tulikutana hospitali, basi, haongezi neno. Nikamjibu kwa ufupi kwa sababu chakula kilikuwa kinapakuliwa na watu walikuwa na njaa. Alistahili jibu refu zaidi, na ndilo hili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwalimu wa shule ya msingi Usoke. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba nyingi zilikuwa hazijaezekwa, na sisi walimu wageni tulilala kwenye vibanda vya nyasi vilivyovuja kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua zilipokaribia kwisha nikashikwa na nimonia. Niliipuuza wiki mbili nzima. Asubuhi nilikuwa na watoto, alasiri nilikuwa na kisomo cha watu wazima, wazee wenye mikono migumu ya jembe wakijifunza kuandika majina yao, na sikutaka mtu mwingine aje kulichukua darasa langu. Siku niliposhindwa kusimama, wanafunzi wangu wa kisomo walinibeba hadi stesheni wakanipandisha treni ya Tabora. Hospitali niliyolazwa sitaitaja, wala daktari sitamtaja, kwa sababu amekwisha kufa na hawezi kujitetea. Walinipiga picha wakaona upande wa kulia wa kifua umejaa usaha. Wakanitoboa katikati ya mbavu, wakapitisha mpira mnene kama kidole cha mwisho, na ncha ya pili ya mpira ule ikaenda kuzama ndani ya maji, katika chupa kubwa ya kioo iliyowekwa sakafuni chini ya kitanda changu. Nilikaa na chupa ile miezi mitano.

Ni lazima niieleze chupa hiyo, kwa kuwa asiyewahi kufungwa nayo hawezi kuelewa mengine. Ukikohoa, usaha na hewa vinateremka kwenye mpira, hewa inatoka majini kwa mapovu, na maji yanaizuia isirudi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kuruhusu vitu vitoke na kuvikataza kurudi. Lakini chupa haipaswi kuinuliwa ikapita usawa wa kifua, la sivyo maji yatakurudia ndani. Haipaswi kuanguka, haipaswi kuinama. Kwenda msalani ni safari ya watu wawili, wewe na mtu wa kukubebea chupa, naye muuguzi kwanza aubane mpira kwa vibanio. Mimi niliyezoea kutembea kutoka kitongoji hadi kitongoji nikitafuta watoro, nikawa siwezi kufika dirishani. Nililijua dirisha lile kwa kulisikia tu, wauza karanga wakipita nje, kengele ya shule ya jirani, na wanawake waliokuja kuwauguza ndugu zao wakigombea mafiga kwenye banda la kupikia.

Wodi yetu ilikuwa na vitanda vinane na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kila asubuhi kwa kifuu cha nazi mpaka ikang'aa. Asubuhi tulipewa uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage. Shangazi yangu Thuwaiba, aliyekaa mjini, alikuwa akinijia kila siku adhuhuri na chombo cha wali, nyama iliyokaangwa kwa bizari, na chupa ya kahawa yenye tangawizi. Kitanda kilichofuata changu kilikuwa cha Speransia, na Speransia hakujiwa na mtu. Alikuwa mmoja wa wakimbizi wa Burundi waliopewa ardhi Ulyankulu mwaka mmoja kabla, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye mpira na chupa kama mimi, ila kwake, zaidi ya usaha, pafu lenyewe lilikuwa linavuja hewa, kwa hiyo chupa yake ilitoa mapovu mchana kutwa kama sufuria inayotaka kuchemka. Mumewe hakuvuka mpaka pamoja naye. Watoto watatu aliwaacha kwa jirani, mdogo akiwa bado hajaanza kutembea. Nilipomnyooshea sahani ya wali mara ya kwanza alinitazama, akauliza kama shangazi yangu alijua alichopika kilikuwa kinakwenda wapi. Nikasema hajui. Akasema basi nimwambie kwanza, yeye hali chakula cha kuibiwa. Kesho yake nikamwambia shangazi, shangazi akanuna, lakini kesho kutwa alileta sahani mbili. Kuanzia hapo tulikula pamoja, na Speransia akanifundisha kukohoa vizuri, nikumbatie mto ubavuni, nikaze meno, nisiogope, kwa sababu wanaoogopa kukohoa ndio wanaobaki na usaha ndani.

Kulala kitandani miezi mitano kunaongeza nguvu za masikio. Nilimsikia shangazi akimwambia jirani yake, wakiwa wamesimama mlangoni, kwamba amekwisha kunitengenezea chumba cha uani, kile kisichotazama barabara, na kwamba mahari ya msichana aliyetobolewa ubavu hakuna wa kuitoa. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga mahali pa kuweka kabati bovu. Nikamsikia pia daktari akimsomea shangazi barua iliyotoka ofisi ya elimu. Walitaka kujua kama nitaweza kufundisha tena au waniachishe kazi kwa sababu ya afya. Daktari alisema atawajibu kwamba wasinitegemee. Shangazi akamshukuru. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na nakumbuka nilichowaza kwa usahihi kabisa. Niliwaza kwamba watu wawili wamesimama miguuni pangu wanagawana maisha yangu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kunigusa bega. Walipoondoka Speransia akaniuliza kama nimesikia. Nikaitikia. Akasema, "Basi usilie. Ukilia watajua walisema kweli."

Septemba, mchana mmoja wa joto, mfagiaji aligonga chupa yangu kwa mpini wa ufagio. Nilisikia kioo kinapasuka, kisha nikasikia kitu kibaya zaidi, hewa ikifyonzwa kwenye mpira na kuingia ndani yangu kila nilipovuta pumzi. Kifua kilikaza kama kamba ya mzigo. Mfagiaji alikimbia kuita msaada. Speransia aliteremka kitandani, akakaa sakafuni penye vipande vya kioo, akaja akijivuta kwa makalio huku akiisukuma chupa yake mwenyewe kidogo kidogo kwa mguu isipinduke, akaukamata mpira wangu na kuukunja kwa vidole vyake viwili. Akaushika hivyo, damu ikimtoka pajani, mpaka Sista Veronika alipofika. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtu mwenye watoto watatu hakupaswa kuihatarisha chupa yake kwa ajili yangu. Sikuweza kusema asante kwa sababu nilikuwa sina pumzi, na nilipopata pumzi aliniambia ninyamaze.

Sista Veronika alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, Mnyamwezi wa Bukene, mama wa makamo aliyependa kutafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoiweka mfukoni mwa sare yake. Chupa za akiba zilikuwa zimekwisha. Akapata moja ya kuazima kutoka wodi ya wanaume, kisha akaenda kufungua sanduku la misaada lililokaa stoo tangu mwaka uliotangulia, maana alikumbuka aliwahi kuona ndani yake kitu ambacho hakuna aliyekitumia. Akarudi na kipande cha plastiki angavu, kirefu kama kalamu, kikiwa na mpira bapa ndani yake mfano wa mdomo wa bata. Ilikuwa valvu. Alitupulizia tuone. Ukipuliza upande mmoja midomo ya mpira inafunguka na hewa inapita, ukipuliza upande wa pili inajifunga kabisa. Kazi ile ile ya chupa, bila chupa, bila maji, bila sakafu. Unaifunga kwenye mpira wa kifuani, chini yake unaning'iniza mfuko wa kupokea usaha, wenye tundu la kutolea hewa, kisha unavaa kanga yako na kutoka. Tulikitazama kitu kile kama watu wanaotazama ufunguo. Na kilikuwa kimoja tu.

Daktari alikuja raundi kesho yake akaamua papo hapo kwamba nivalishwe mimi. Alieleza sababu zake kwa Kiswahili kizuri, mbele yetu sote. Taifa limetumia fedha kunisomesha, kitanda changu kinahitajika, na nyumbani kwetu ni karibu. Kuhusu Speransia alisema mkimbizi hana haraka, hata akitoka anakwenda kambini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, peke yake, na wagonjwa wengi kuliko saa zake, na alikuwa amezoea kwamba akisema jambo limekwisha. Moyo wangu, nakiri, ulirukaruka. Nilikwisha kuiona barabara ya stesheni. Kisha nikaona kitambaa kilichofungwa pajani kwa Speransia, nikasema sitaki. Nikasema apewe yeye, ana watoto. Daktari akasema hospitali haijadiliani na wagonjwa. Nikasema basi atanivalisha kwa nguvu, na nitaivua. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kushangaa. Niligeuka nikitegemea Speransia anishukuru, naye alikuwa amekasirika kuliko daktari.

"Mimi sikuomba huruma ya mwalimu," alisema. "Daktari, niulize mimi. Mimi ninaondoka kitandani hapa, lakini simwachi huyu na chupa."

Sista Veronika ndiye aliyetutoa hapo. Alimwomba daktari ruhusa ya kuonyesha jambo alilojifunza zamani kwa wamisionari. Akachukua glavu ya mpira ya upasuaji iliyokwisha kuchemshwa, akakata kidole kimoja, akakivika kwenye kipande cha mpira kama soksi, akakifunga kwa uzi, akakata ncha yake kwa mkasi. Akapuliza. Kidole kikajaa, kikapepea, hewa ikatoka. Akavuta pumzi kupitia kwake. Kidole kikalala bapa, kikajifunga, hakuna kitu kilichopita. Daktari akasema hicho si kifaa, hicho ni mchezo wa watoto, hawezi kukiandika kwenye faili. Sista Veronika hakupandisha sauti. Alimwambia kidole cha glavu kinahitaji kubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo avae mwalimu atakayekaa mjini, aje kila siku asubuhi, na valvu ya kiwandani avae yule anayekwenda mbali. Daktari alikichukua kipande kile, akakipuliza mwenyewe, akavuta, akapuliza tena, akavuta tena. Kisha akasema lolote litakalotokea limo mikononi mwa Sista Veronika. Sista akasema ndiyo, limo.

Siku ile alasiri Speransia na mimi tulitembea hadi dirishani. Nje palikuwa na ukuta wa chokaa, kamba ya kuanikia mashuka na mbuzi mmoja. Tulisimama tukamtazama yule mbuzi mpaka miguu ikatetemeka.

Oktoba wote wawili tuliruhusiwa. Speransia alipanda lori la Ulyankulu akiwa na agizo la kurudi baada ya wiki tatu. Mimi nilikwenda kwa shangazi, na chumba cha uani nikakikataa siku ya kwanza. Shangazi hakuwa na ugomvi na mimi, alikuwa na ugomvi na macho ya watu. Aliniomba nikitoka nipite njia ya nyuma, kwani mfuko ulitokeza chini ya baibui kama mimba iliyokaa upande. Nilikataa hilo pia. Kila asubuhi nilipita barabara kuu, mbele ya maduka, nikiwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, na aliyeniuliza nina nini nilimwambia, usaha kifuani, unatoka, ukiisha narudi kazini. Baadhi walivuta watoto wao pembeni. Hospitalini Sista Veronika alinibadilishia kidole, na baada ya wiki moja akaniambia nibadilishe mwenyewe, yeye atazame. Kunja mpira, bana, kata uzi, vua, safisha, vika, funga, achia. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafunga kama ninavyofunga kamba za viatu.

Wiki tatu zilipita, kisha nne, na Speransia hakuja. Mvua zilikuwa zimeanza na malori yalikuwa yanakwama. Daktari alisema tusubiri barabara ikauke. Nilimuuliza itakauka lini, akasema mimi ni mwalimu, naijua kalenda. Kesho yake asubuhi nilimwambia Sista Veronika nakwenda. Hakusema nenda, hakusema usiende. Aliniwekea kwenye kopo safi glavu mbili, uzi, vibanio, mkasi na mfuko, akaniambia lori la mahindi linaondoka saa mbili. Shangazi nilimuaga nikiwa nimekwisha kuvaa. Alinishika mkono akasema nitafia njiani na atawaambia nini watu. Nilimjibu kwa adabu kwamba awaambie nilikuwa natembea.

Lori lilikwama mara mbili, abiria wakishuka kusukuma, na mimi nikishuka nao na kusimama kando, mkono mmoja ubavuni. Tulifika alasiri. Nyumba ya Speransia ilikuwa ya udongo na nyasi, safi, na mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, ameyapanda kwa mpira ule ule kifuani. Nilimkuta amekaa ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi fupi fupi. Watoto watatu walikuwa wamekaa wamemzunguka kimya kabisa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na chake kilikuwa cha siku ambayo lori halikuja. Nikafungua kanga yake. Usaha ulikuwa umekaukia ndani ya valvu, midomo ile ya mpira imegandana, hakitoki kitu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilimwambia sina ruhusa ya kumgusa, mimi si muuguzi. Akanijibu neno kwa neno, katikati ya pumzi, "Na mimi sikuwa muuguzi. Fanya."

Nikakunja mpira, nikabana. Nikamtuma mtoto mkubwa maji yaliyochemka, nikanawa, nikavua valvu, nikavika kidole cha glavu, nikafunga, nikakata ncha. Nikaachia vibanio nikamwambia akohoe. Hakikutoka kitu. Nikamwambia tena akohoe, nikamkumbatisha furushi la nguo ubavuni kama alivyonifundisha, na safari hii hewa ikatoka kwa kishindo kidogo, kidole kikapepea, usaha ukafuata, mwingi, mpaka nikahofu mfuko hautatosha. Yule mdogo, aliyekuwa sasa anatembea, akacheka kwa sauti ile. Baada ya muda midomo ya Speransia ikarudi rangi yake. Asubuhi tulikwenda wote kwa karani wa vibali. Speransia hakuanza kueleza. Alifungua kanga, akamwonyesha mpira, mfuko na kidole kikipepea, akasema, "Andika." Karani akaandika, cha kwake na vya watoto, tukaondoka na lori lile lile.

Daktari alimpima Speransia akiwa ameketi kitandani, akasikiliza mgongo, akatazama fundo la uzi kwa muda mrefu. Aliuliza nani amelifunga. Sista Veronika alianza kufungua kinywa, nikamtangulia nikasema ni mimi. Akauliza nani alinipa ruhusa. Nikasema hakuna. Nilikuwa nimesimama, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kufukuzwa hospitali. Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Kisha aliwaita wanafunzi wawili wa uuguzi waliokuwa wakitandika vitanda, akamwagiza Sista alete glavu.

"Haya mwalimu," alisema. "Wafundishe."

Nikawafundisha. Niliwafanya wafunge na kufungua mara kumi kila mmoja, na aliyekosea nilimrudisha mwanzo, kama nilivyowarudisha wazee wangu wa kisomo kwenye herufi. Daktari alisimama mlangoni hadi mwisho. Wiki ile ile aliiandikia ofisi ya elimu barua ya pili. Sijui aliandika nini, najua tu kwamba Januari nilikuwa Usoke, nikiwa na nusu ya pumzi za zamani, nikifundisha nimekaa kwenye kiti miezi ya mwanzo, na nilifundisha mpaka serikali iliponistaafisha kwa umri. Valvu ya kiwandani Sista Veronika aliichemsha na kuirudisha stoo. Vidole vya glavu ndivyo vilivyotumika wodini miaka iliyofuata.

Mipira yetu ilitolewa Desemba, wa kwangu Jumatatu, wa Speransia Alhamisi. Siku alipoondoka nilimsindikiza hadi lilipoegeshwa lori, nikataka kumbebea furushi. Alikataa. Aliliweka kichwani, watoto wakamfuata, akatangulia mbele yangu bila kuharakisha na bila kugeuka, mikono yake yote miwili mitupu ikiyumba kandoni.